Kihariri cha vitalu cha WordPress na wenzake wawili: tathmini kwa anayeandika

Kihariri cha mwonekano ni ile sehemu ya mfumo wa tovuti ambamo mwandishi huandika na kupanga matini yake huku akiiona karibu sawa na atakavyoiona msomaji, pasipo kulazimika kujua alama za HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, zinazoishikilia. Mtu anayepandisha taarifa kwenye tovuti ya shule, ya hospitali, ya chama cha ushirika au ya gazeti dogo hukaa humo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote pa tovuti hiyo, na uzuri au ubovu wa kihariri huonekana katika kazi yake: vichwa vilivyopangika au vilivyovurugika, jedwali linalosomeka kwenye simu au lisilosomeka, picha iliyokaa mahali pake au iliyoikata sentensi katikati. Tathmini hii inahusu hasa kihariri cha vitalu cha WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti; kihariri hicho ni maarufu kwa jina la Gutenberg. Nimekilinganisha na VisualEditor ya Wikipedia na CKEditor 5 inayokuja na Drupal, mfumo mwingine wa kuendeshea tovuti, kwa kuwa zote tatu nazitumia kazini na kila moja imechagua njia yake ya kulitatua tatizo lile lile.

Sikuhesabu vitufe. Swali langu la kwanza ni kama ninachokiona kwenye skrini ndicho kilichohifadhiwa kweli, na la pili ni kama mtu asiye fundi, mwenye taarifa ya kurasa tatu mkononi na muda mchache wa kuipandisha, atamaliza kazi bila kumpigia simu fundi. Kwa vipimo hivyo viwili Gutenberg ni kihariri kizuri cha kupanga ukurasa, na leo ni bora kuliko sifa yake ya zamani inavyodai, lakini bado kinamchosha anayeandika matini ndefu, na katika mambo kadhaa yanayomhusu mtu anayeandika Kiswahili kinahitaji kurekebishwa kabla hakijafaa.

Wazo la kuandika ndani ya ukurasa wenyewe lilikuwapo tangu mwanzo wa wavuti. Kivinjari cha kwanza kabisa, kile alichokitengeneza Tim Berners-Lee huko CERN mwaka 1990, kilikuwa pia kihariri, na mtu aliweza kusoma na kuandika katika dirisha moja. Vivinjari vilivyoenea baadaye, kama Mosaic ya mwaka 1993, viliubakiza upande wa kusoma peke yake. Mwaka 2000 Internet Explorer 5.5 ilileta uwezo uitwao contentEditable, unaoruhusu sehemu ya ukurasa ihaririwe papo hapo, na juu ya uwezo huo vikajengwa vihariri FCKeditor mwaka 2003 na TinyMCE mwaka 2004. Msingi huo ulikuwa legelege. Kitendo kidogo kama kubonyeza Enter kilizaa aya mpya katika kivinjari kimoja, kisanduku kipya katika kingine, na katika cha tatu mstari uliokatwa tu, ingawa macho ya mwandishi yaliona kitu kile kile. Matini mbili zilizofanana kwenye skrini ziliweza kuwa tofauti kabisa ndani yake, na tofauti hiyo ilijitokeza siku tovuti ilipobadilishiwa mwonekano.

WordPress ilichukua TinyMCE katika toleo la 2.0 mwaka 2005 na kuishi nayo kwa miaka kumi na mitatu. Wengi wetu tulijifunzia kazi humo, na sioni sababu ya kuidharau: ilikuwa ukurasa mmoja mweupe, upau wa zana juu, na mwandishi aliandika kama aandikavyo kwenye Word. Ubaya wake ulikuwa katika yale yasiyoonekana. Kulikuwa na vichupo viwili, kimoja cha mwonekano na kingine cha HTML, na kila ulipohama kutoka kimoja kwenda kingine mfumo ulipanga upya aya na kufuta baadhi ya alama ulizoziweka kwa makusudi. Picha ilikaa ndani ya aya kama neno, kwa hiyo kuisogeza kulivuruga sentensi. Nafasi kati ya aya wengi waliitengeneza kwa kubonyeza Enter mara nyingi, na ukurasa ukajaa aya tupu ambazo hazikuwa na kazi yoyote.

Gutenberg iliingia rasmi na WordPress 5.0 tarehe 6 Desemba 2018. Badala ya karatasi moja ndefu, kila kitu ni kitalu: aya ni kitalu, kichwa ni kitalu, picha, orodha, jedwali, nukuu, kitufe, vyote vitalu vinavyojitegemea ambavyo unaweza kuvipandisha, kuvishusha, kuvinakili au kuvigeuza kuwa vya aina nyingine. Ndani ya hifadhidata kila kitalu huzungushiwa maelezo yanayosema ni cha aina gani, na kwa hiyo mfumo unajua kwamba kichwa ni kichwa; haubahatishi kwa kuangalia ukubwa wa herufi. Upinzani ulikuwa mkali. Baadhi ya watengenezaji walijitenga na kuanzisha ClassicPress mwaka huo huo ili wabaki na mfumo usio na vitalu, na programu-jalizi, yaani kiongezo cha WordPress, inayorudisha kihariri cha zamani ikapakuliwa na mamilioni ya tovuti. Watengenezaji wa WordPress walikuwa wamepanga kuiacha baada ya miaka michache, kisha wakausogeza muda wake mbele, na mpaka sasa bado inatumika.

Sehemu kubwa ya upinzani ule ilikuwa na haki, na mfano mmoja unatosha. Mtu anayehariri maandishi hufanya kila saa jambo la kawaida mno: huanza kuteua katikati ya aya moja, huvuta mpaka katikati ya aya inayofuata, kisha hufuta au hunakili. Katika Gutenberg ya mwanzo jambo hilo halikuwezekana. Uteuzi ulipovuka mpaka wa kitalu, mfumo uliteua vitalu vyote viwili vizima, kwa hiyo mwandishi aliyetaka kuondoa nusu ya sentensi hapa na nusu ya sentensi pale alilazimika kufanya kazi mara mbili. Marekebisho yalikuja na WordPress 6.0, Mei 2022. Kwa miaka mitatu na miezi kadhaa, kihariri cha mfumo unaoendesha sehemu kubwa kuliko mwingine wowote ya tovuti za dunia kilishindwa kufanya kile kinachofanywa na programu yoyote ya kuandikia barua. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha waliokiunda waliutazama ukurasa kwanza, na sentensi ikaja baadaye.

Sasa niingie kwenye jaribio ninaloliamini kuliko mengine yote, ambalo ni kunakili na kubandika. Katika ofisi nyingi hakuna anayetunga moja kwa moja kwenye tovuti. Katibu ameandika kwenye Word au Google Docs, mwenyekiti amepitia, wajumbe wameongeza maneno yao, na matini iliyokwisha kuiva ndiyo inayoletwa kwa mpandishaji. Chukua taarifa ya mkutano mkuu wa chama: kichwa kikuu, vichwa vidogo vitano, orodha ya maazimio yenye namba, jedwali la mapato na matumizi, na picha mbili za wajumbe. Word hutia ndani ya matini hiyo alama zake nyingi, kila aya ikibeba jina la MsoNormal na maelezo ya fonti, ukubwa na nafasi. Google Docs nayo huizungushia matini yote alama ya herufi nzito ambayo ndani yake imeandikwa kwamba isiwe nzito. Kihariri kisicho makini huyabeba yote hayo, na ukurasa wa tovuti ukaishia na fonti tatu tofauti.

Hapa Gutenberg inastahili sifa kamili. Inaipokea taarifa ile, inaondoa mapambo ya Word, na kuigawa vizuri: aya zinakuwa vitalu vya aya, vichwa vinabaki na ngazi zao, orodha inakuwa orodha na jedwali linakuwa jedwali. Sharti ni kwamba katibu awe ametumia mitindo ya vichwa ya Word yenyewe. Kama aliandika kichwa kwa kukoleza tu na kuongeza ukubwa wa herufi, Gutenberg itakipokea kama aya yenye herufi nzito, na mpandishaji atapaswa kukigeuza kuwa kichwa mwenyewe, kazi ambayo ni ya kubofya mara mbili au tatu. Mwenye kutaka maneno matupu hubonyeza Ctrl, Shift na V kwa pamoja na kuanza upya.

Picha ndizo zinazonipa wasiwasi. Ukibandika kutoka Google Docs, mara nyingi picha huonekana mahali pake kabisa, na mwandishi huridhika na kuchapisha. Kumbe kilichoingia kwenye tovuti yako ni anwani tu ya picha iliyoko kwenye seva za Google, na siku anwani hiyo itakapokoma, ukurasa utabaki na tundu. Kihariri kinakuwekea kitufe cha kuihamishia picha kwenye maktaba ya tovuti, lakini kitufe hicho ni alama ndogo kwenye upau wa kitalu, na lazima uwe umekwisha kuibofya picha ndipo ukione. Tatizo zito namna hii lingestahili onyo lenye maandishi dhahiri pale pale picha inapotua. Kwa kipimo changu cha kwanza, cha ukweli wa kinachoonekana, hapa Gutenberg inafeli.

Inafeli pia, kwa namna nyingine, pale inaposema kwamba kitalu kina maudhui yasiyotarajiwa au yasiyo sahihi. Ujumbe huo hutokea HTML ya kitalu ikiguswa kwa mkono, au programu-jalizi ikibadilisha namna inavyoandika vitalu vyake. Mwandishi hufungua ukurasa aliouacha salama mwezi uliopita, akakuta kisanduku cha kijivu na kitufe cha kujaribu kuokoa. Katika ofisi moja niliyoifanyia kazi, mhudumu wa tovuti alikuwa ameondoa programu-jalizi ya vitalu kwa sababu leseni yake ilikwisha, na ukurasa wa huduma ukawa na visanduku vya onyo kuanzia juu hadi chini; maneno yote yalikuwamo bado ndani ya hifadhidata, lakini mwandishi aliyekuwa mbele ya skrini hakuwa na namna ya kulijua hilo. Ndiyo maana nawashauri wenye tovuti ndogo watumie vitalu vya WordPress yenyewe, na wafikirie mara mbili kabla ya kuongeza mkusanyiko wa vitalu vya kununua.

Kuhusu kuandika kwenyewe, mambo mawili yanasaidia mno na wengi hawayajui. Upau wa zana wa kitalu kwa kawaida huelea juu ya kitalu unachokiandika na kuufunika mstari wa mwisho wa aya iliyotangulia, yaani mstari ule ule ambao mwandishi anahitaji kuutazama ili aendeleze fikra yake. Katika mapendeleo unaweza kuamuru upau huo ukae juu ya skrini daima, na nadhani ndivyo ungepaswa kuwa tangu mwanzo. Jambo la pili ni alama ya mkwaju (/): ukiuandika mwanzoni mwa mstari mtupu, orodha ya vitalu hufunguka na unaendelea kwa kuandika jina la unachokitaka bila kuondoa mikono kwenye kibodi. Aidha, alama mbili za reli (##) na nafasi mwanzoni mwa aya huigeuza aya kuwa kichwa cha ngazi ya pili. Mtu akishayazoea haya, kasi yake hurudi karibu na ile ya kihariri cha zamani. Kuna pia kidirisha kinachoonyesha mpangilio wa vichwa vyote vya ukurasa na kukuonya ukiruka ngazi, na kwa taarifa ndefu hicho ni chombo cha thamani ambacho kihariri cha zamani hakikuwa nacho.

Uhuru wa rangi na ukubwa wa herufi ni suala lenye pande mbili. Kila kitalu kina paneli ya pembeni yenye rangi ya maandishi, rangi ya nyuma, ukubwa, nafasi za pembezoni, na mambo mengine ambayo mwandishi wa taarifa hayahitaji hata kidogo. Ofisi yenye wapandishaji wanne hupata tovuti yenye ladha nne. Tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021 anayetengeneza mandhari ya tovuti anaweza kuvifunga vitu hivyo kupitia faili la theme.json, akaacha rangi tatu za taasisi na ukubwa wa aina mbili. Nikiwa mwandishi nauomba ufungaji huo, maana unaniondolea maamuzi yasiyo yangu. Watengenezaji wengi hawaufanyi.

CKEditor 5 ndani ya Drupal inaanzia upande wa pili. Drupal iliiingiza CKEditor katika kiini chake kuanzia toleo la 8, mwaka 2015, na toleo la 10 la Desemba 2022 likahamia CKEditor 5, ambayo haiutegemei msingi ule legelege wa vivinjari kama watangulizi wake: ina mfano wake wa ndani wa matini, na kila unachobonyeza hupitishwa kwanza kwenye mfano huo. Matokeo yake ni utulivu. Msimamizi huvuta vitufe anavyovitaka na kuviweka kwenye upau, vingine vyote havionekani, na alama za HTML zisizoruhusiwa huondolewa. Mwandishi anakuta karatasi moja, vitufe kumi hivi, na hana namna ya kuweka herufi nyekundu hata akitaka. Kwa anayeandika makala ndefu, au taasisi yenye waandishi wengi wanaobadilika kila mwaka, hiki ndicho ninachokipendelea kati ya vyote vitatu. Jedwali lake linaharirika vizuri, kuunganisha visanduku vya jedwali ni rahisi, na picha ikiingia tu kidirisha cha maelezo mbadala hufunguka pale pale. Katika Gutenberg maelezo hayo yamewekwa kwenye paneli ya pembeni, ambako wengi hawafiki kamwe, na msomaji asiyeona ndiye anayelipa gharama.

Udhaifu wa CKEditor ni kwamba haikuonyeshi ukurasa. Unaona maneno katika kisanduku kilichomo ndani ya fomu ndefu yenye sehemu nyingine za kujaza, na mpaka ubofye hakiki hujui yatakaa vipi. Ukitaka safu mbili au picha pana yenye maandishi juu yake, utahitaji fundi akutengenezee. Kwa ukurasa wa mwanzo wa hoteli au wa kampeni hicho ni kizuizi kikubwa, na hapo Gutenberg inashinda bila ubishi.

VisualEditor ya Wikipedia ni habari ya peke yake, maana wenye kuitumia hawaandiki ukurasa wao bali ukurasa wa watu wote. Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, iliifanya kuwa kihariri cha kawaida katika Wikipedia ya Kiingereza mwezi Julai 2013, na baada ya malalamiko mengi ikarudishwa kuwa ya hiari mwaka huo huo. Malalamiko yalikuwa ya kweli: ilikuwa nzito, iliharibu alama za wiki, zile ambazo makala za Wikipedia huandikwa kwazo, katika sehemu ambazo mwandishi hakuzigusa, na aliyezoea kuandika mabano mawili ya mraba ili kutengeneza kiungo alikuta mfumo umeyazungushia amri ya kuyapuuza. Kilichoiokoa ni programu iitwayo Parsoid, inayotafsiri alama za wiki kuwa HTML na kuzirudisha, na ambayo siku hizi huandika upya zile sehemu tu zilizobadilishwa na kuziacha nyingine kama zilivyokuwa. Kwa hifadhi ya pamoja inayohaririwa na watu wengi hilo ni jambo la msingi, kwani anayekagua mabadiliko anataka kuona neno moja lililosahihishwa, na akionyeshwa aya ishirini zilizosogezwa atashindwa kujua kilichotokea.

Leo naitumia katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, na kazi mbili inazifanya kwa namna ambayo vihariri vingine vingefaa kuiga. Ya kwanza ni marejeo: katika wiki zilizopangiwa huduma hiyo, unabandika anwani ya ukurasa au namba ya ISBN ya kitabu, na mfumo unatafuta wenyewe jina la mwandishi, kichwa na mwaka, kisha unalitunga rejeo. Kazi hiyo kwa mkono ina alama nyingi kiasi kwamba mgeni huona afadhali aache kuweka chanzo. Ya pili ni viungo. Andika neno, liteue, bonyeza Ctrl na K, na orodha ya makala zilizopo hutokea kwa majina yake. Chukua makala ya Ng'ombe. Simu za iPhone huandika king'ong'o kwa alama ya kupinda, wakati kichwa cha makala kina alama iliyonyooka, na kiungo kilichoandikwa kwa mkono kwa alama ya kupinda hakiifikii makala mpaka mtu awe ameweka elekezo. Katika VisualEditor unaliona jina sahihi kwenye orodha na kulichagua, na tofauti ya alama haikuhusu tena.

Violezo, yaani vipande vilivyotengenezwa mapema ili viingizwe katika makala nyingi, ndipo inapoonyesha ugumu. Wiki kubwa zina watu wa kuandika maelezo ya kila sehemu ya kiolezo ili kihariri kiyaonyeshe kama fomu ya kujaza. Wiki yenye wahariri wachache ina violezo vingi visivyo na maelezo hayo, na mgeni hukutana na visanduku vyenye majina ya kifundi yasiyomwambia chochote. Na utafiti wa Wikimedia Foundation wa mwaka 2015 katika Wikipedia ya Kiingereza haukuona kwamba wahariri wapya waliopewa VisualEditor walichangia zaidi ya wenzao. Mimi sishangai, kwa kuwa kinachomfukuza mgeni mara nyingi ni kufutiwa kazi yake, na hilo kihariri hakilitibu. Lakini kwa mwalimu anayewaonyesha wanafunzi namna ya kuongeza aya moja yenye chanzo kuhusu mji wao, tofauti kati ya kitufe cha kuhariri kwa kuona na kile cha kuhariri chanzo ni tofauti ya saa nzima ya kipindi.

Kwa anayeandika Kiswahili, vyote vitatu vinategemea kivinjari katika kukagua tahajia, na kivinjari kilichowekwa kwa Kiingereza kitapigia mstari mwekundu karibu kila neno. Macho huzoea mistari hiyo haraka, na kosa la kweli likipita halionekani. Heri kuzima ukaguzi kabisa, au kuongeza kamusi ya Kiswahili pale kivinjari kinaporuhusu. Jambo linalosahaulika zaidi ni lugha ya tovuti. WordPress huwekwa kwa Kiingereza isipochaguliwa nyingine, na ukurasa hutangaza kwa vifaa vyote kwamba maandishi yake ni ya Kiingereza. Programu ya kusomea skrini kama NVDA, inayotumiwa na wasioona na isiyouzwa, ina sauti ya Kiswahili ndani yake, ila ikiambiwa ukurasa ni wa Kiingereza huweza kuyasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji asiambulie kitu. Kubadilisha lugha katika mipangilio ya jumla huchukua chini ya dakika, na kila mtumiaji anaweza kubaki na menyu zake kwa Kiingereza akipenda. Gutenberg na VisualEditor zina pia namna ya kuweka alama ya lugha kwenye fungu la maneno, kwa mfano nukuu ya Kiarabu ndani ya makala ya Kiswahili.

Kwa mwandishi asiyeona mwenyewe, Gutenberg ilianza vibaya. Kiongozi wa kikundi cha WordPress kinachoshughulikia ufikivu, Rian Rietveld, alijiuzulu Oktoba 2018 kabla hata ya uzinduzi, na ukaguzi ulioagizwa na WPCampus, jumuiya ya watumiaji wa WordPress vyuoni, na kufanywa na kampuni ya Tenon mwaka 2019 uliorodhesha makumi ya kasoro. Nyingi zimeshughulikiwa tangu wakati huo. Bado, kuhama kutoka kitalu hadi kitalu kwa kibodi na sauti pekee kunahitaji mafunzo, na kwa mwandishi wa namna hiyo karatasi moja ya CKEditor ina njia fupi zaidi.

Kwenye simu hakuna hata kimoja ninachoweza kukisifu kwa moyo mweupe. Gutenberg katika kivinjari cha simu inafanya kazi, na mishale yake ya kupandisha na kushusha kitalu ni afadhali kuliko kuvuta kwa kidole, lakini ukiteua maneno, menyu ya simu ya kunakili hushindana na upau wa kihariri katika nafasi ile ile finyu. Kusahihisha kosa la tahajia au kubadilisha picha kutoka kwenye mkutano kunawezekana. Taarifa ya kurasa tatu isubiri kompyuta.

Limebaki suala la umeme na bando kukatika katikati ya kazi, ambalo kwetu ni la kila wiki. Gutenberg hutuma nakala kwenye seva kila baada ya sekunde 60 kwa kawaida, na huhifadhi nyingine ndani ya kivinjari chenyewe. Ukirudi kuufungua ukurasa na nakala hizo mbili zikatofautiana, hukuambia hivyo na kukupa nafasi ya kuirudisha ile ya kivinjari. VisualEditor nayo hurejesha mabadiliko ambayo hayakuchapishwa ukifungua tena ukurasa ule ule katika kivinjari kile kile. Drupal yenyewe haina ulinzi huo mpaka msimamizi aongeze moduli ya kuhifadhi, na kwa kuwa ndiyo niliyoisifu zaidi kwa matini ndefu, naitaja wazi: kabla ya kumkabidhi mwandishi akaunti, msimamizi aiweke moduli hiyo, kisha wote wawili wachomoe kebo ya intaneti katikati ya aya na kuthibitisha kwamba maneno yanarudi.